Ulivyoziokoa Ngoma za Ndani Bila Kuzitazama

Selemani mwanangu,

Umetoka na baba yako kwenda Mtawanya kumuaga bibi yako, na mie nimebaki hapa barazani na kalamu ya kuazima. Najua ukiiona karatasi hii utasema mama naye, si angetuma ujumbe tu. Ujumbe wangu wewe unausoma kwa jicho moja, unanijibu "sawa mama" kabla hujafika katikati. Karatasi utaisoma yote, maana haina pa kubonyeza.

Mambo ya kula, kulala na kuswali sikuandikii. Hayo nimeyasema tangu unatambaa, na kama hayajaingia hayataingia leo. Begi nimeona umelifunga mwenyewe. Nimelifungua, nikalifunga tena, yameisha. Ninachotaka kukuandikia ni habari ya ile eksteno, diski yangu ya kuhifadhia video.

Utasema unaijua, wewe ndiye uliyeihangaikia. Kweli. Lakini unaijua kwa upande wa nje tu, kwa sababu ulikuwa nje. Kesho unakwenda Dar kuanza kazi kwenye duka la kutengeneza kompyuta, na sitaki uingie kwenye kazi ya watu bila kujua kazi ya kwanza uliyoifanya ilikuwa nini.

Wapiga video za harusi hapa Kibiti ni wengi, wote wanaume, na kazi yao inaishia kwenye turubai. Mlango wa ndani, siku ya kumsinga bibi harusi, hawavuki. Kule wanawake wanavua mabuibui, wanamsugua mwali liwa, wanaimba ya kwao na kucheza wanavyotaka, na bibi mwenye wajukuu anakata kiuno mpaka mabinti wanaona haya. Mie na kamera yangu ndogo nilikuwa naitwa kuanzia Dimani mpaka Mohoro, kwanza kwa kuwa ni mwanamke, pili kwa kuwa mdomo wangu huu, pamoja na kelele zake zote, haujawahi kutoa nje cha ndani. Wanapofika kwenye kumfunda mwali, kamera nilikuwa naizima bila kuambiwa. Shughuli ikiisha mwenyewe anapewa sidii yake mkononi, nakala inabaki kwangu. Hakuna mwanaume aliyewahi kuziona. Baba yako amelala chumba kimoja na kompyuta ile miaka yote hiyo na hajui mna nini, au anajua na amenyamaza, kwangu ni mamoja.

Ile laptopu ya kwanza unaikumbuka, nene, nzito, ukiipakata inakuunguza mapaja. Ubavuni ilikuwa na matundu ya kila namna, ya kamera, ya kadi, ya flashi, mengine hata sikujua ya nini. Ilipojaa ikawa nzito kama punda aliyegoma. Nikanunua eksteno, hiyo diski ya nje, nikahamishia harusi zote humo, laptopu ikapumua. Nikatembea mtaani nikijisifu kwamba nimefanya bakapu.

Kumbe nilikuwa nimehama tu. Vitu vilitoka nyumba moja vikaingia nyingine, ile ya kwanza nikaiacha tupu. Wewe ndiye uliyekuja kunieleza kwamba bakapu ni kitu kimoja kuwepo pawili kwa wakati mmoja. Nikaona haya, si kwa sababu sikulijua, bali kwa sababu nalijua tangu mtoto. Marehemu babu yako alilima mpunga bonde la Mohoro. Mbegu yake aliigawa: nusu inakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo tunacholindia mpunga, nusu inapandishwa huku Kibiti na kuwekwa darini. Mto ukifika kwenye dungu, bado ana cha kupanda. Mie mwenyewe nimezibeba hizo mbegu kichwani, nikilalamika njia nzima kwa nini zisikae pamoja. Halafu nimekuwa mtu mzima, nikazirundika harusi za watu kwenye kisanduku kisichozidi kiganja.

Laptopu nene ikafa. Mjomba wako akaniletea hii nyembamba, nzuri, haina kelele. Nikaigeuza huku na huku kama ninayemtafuta kiroboto. Matundu mawili tu, madogo, yamefanana, na plagi ya eksteno ni pana. Nikampigia nikamwambia, "Kaka, umeniletea nyumba isiyo na mlango." Akasema siku hizi ndivyo zilivyo, nikanunue adapta. Nikaenda kwa vijana wa simu pale stendi nikanunua ya bei ya chini, nikachomeka. Taa ikawaka. Diski ikaanza kugonga, tik, tik, tik. Nikaichomoa, nikaihamishia tundu la pili. Kugonga kukaacha, na kwenye kioo likatokea swali: diski hii haisomeki mpaka ifomatiwe, unataka kuifomati?

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize, kwa sababu utakutana na akina mama wengi kama mie.

Kwetu hapa fomati ni dawa. Simu ikiganda, kijana wa stendi anakwambia leta nikufomatie, unarudi nayo inakimbia. Sijawahi kulisikia neno hilo kwenye jambo baya. Kompyuta iliponiuliza vile, haki ya Mungu niliona imenihurumia. Imesikia diski inagonga, inaniuliza kama niitibu. Nani anamnyima mgonjwa dawa? Nikabonyeza ndiyo. Nikangoja. Ikafunguka vizuri kabisa, haigongi, haina kitu. Tupu. Nikaichomoa nikaichomeka tena, nikidhani labda imeona aibu, itarudi.

Uliponikuta nimekaa sakafuni ukaniuliza, "Mama, umebonyeza nini?"

"Fomati."

Ukacheka. Nisikufiche, siku ile nilitamani kukutandika mwiko. Halafu ukaniangalia usoni, kicheko kikakatika, ukachuchumaa mbele yangu ukanieleza polepole. Ukasema kufomati diski si kuitibu, ni kuiambia isahau kilichomo. Lakini kusahau si kutupa, ukasema, vitu bado vimo mpaka mtu aje aweke vingine juu yake. "Usiweke humu hata wimbo mmoja, mama. Usiichomeke tena kabisa." Na mie nilikuwa na harusi ya Dimani kwenye kadi, naiwinda nafasi ile tupu kwa hamu. Ungechelewa kidogo kurudi ningeijaza.

Nimeyakumbuka hayo maneno yako mara nyingi. Ulinieleza kama mtu anayemweleza mwenzake. Hukuniambia "si uliona imeandikwa". Watu watakuja dukani kwenu wamebonyeza ndiyo kwenye mambo ya ajabu, na kila mmoja atakuwa na sababu yake, na sababu itakuwa nzuri. Wewe cheka ukifika nyumbani.

Baada ya hapo ndipo Siwatu alipopiga simu kutoka Mohoro. Wewe ulijua tu kwamba kuna mteja anataka video yake. Siwatu ni yule niliyempiga picha anaolewa, mama yake ni marehemu Bibi Pili, na sasa yeye mwenyewe alikuwa anajiandaa kumuoza binti yake. Mafuriko yaliichukua nyumba yao pamoja na sidii niliyompa. Katika ukoo wao kuna wimbo wa kumtoa mwali ndani, mrefu, na aliyeujua mpaka mwisho alikuwa Bibi Pili. Siwatu anazo beti za mwanzo, mbele hapaendi. Dada zake wanashika kipande kipande, na kila mmoja anamwambia mwenzake amekosea. Bibi Pili ameuimba wote mbele ya kamera yangu. Mahali pengine duniani haupo.

Nikamwambia ukweli. "Siwatu, nimeifuta kwa mkono wangu."

Nilitegemea alie au anitukane, na angekuwa na haki. Alichouliza ni hiki: "Kuna mwanaume ameiona?"

Nikasema hajaiona mtu yeyote, hata mie siioni. Akasema, "Basi Mama Selemani, ikirudi irudi hivyohivyo. Mama yangu amecheza mle amefunga kanga tu. Kama lazima aonwe na wanaume ndipo arudi, mwache alipo."

Umeelewa uzito wake? Alikuwa tayari kuikosa sauti ya mama yake.

Ndiyo maana nilipokwenda Dar kwa yule fundi wa kurudisha vilivyofutika nilirudi na diski yangu mkobani, na wewe ukanikasirikia, ukasema nimepoteza safari bure. Fundi alikuwa mtu mwema, tusimsingizie. Alisema kazi inawezekana, niiache, atairudisha na ataifungua video mojamoja kuhakikisha ziko sawa. Nikamwuliza, "Utazifungua wewe?" Akasema, "Mama, nitajuaje kama zimepona?" Alisema kweli. Nikamshukuru nikaondoka. Sikukueleza kwa nini, kwa sababu kukueleza ilikuwa ni kukuonjesha kilichomo. Nikakwambia tu, fanya wewe, ila usiangalie.

Ukanitazama kama mtu aliyeambiwa achinje kuku bila kumshika.

Mwanangu, nilikuwa nakuangalia ulivyoifanya kazi ile, ingawa nilijifanya nachambua mchele. Adapta yangu ya stendi uliitupa. Ukasema hiyo haifikishi umeme wa kutosha, ndiyo maana diski ilikuwa inagonga, ilikuwa inajaribu kuamka inashindwa. Ukaazima kile kisanduku chenye matundu mengi, chenye chaja yake chenyewe, kinachoingia kwenye tundu dogo la laptopu na kupokea zile plagi pana za zamani. Ukaazima diski nyingine tupu. Ukaazima mpaka betri ya sola kwa jirani, ili umeme ukikatika kazi isikatike. Na kabla hujatafuta chochote ukainakili ile diski yote kama ilivyo, pamoja na utupu wake, ukaiweka ya kwangu kabatini ukafanya kazi kwenye nakala. Nikakuuliza kwa nini unajisumbua kunakili utupu. Ukasema, "Nikikosea nikosee kwenye hii." Babu yako angekupenda kwa neno hilo.

Halafu ukafanya jambo ambalo sikukuagiza. Ulijua video zikianza kurudi, kompyuta inaonyesha kipicha kidogo cha kila moja. Ukaenda mahali ukavizima vipicha vyote kabla kazi haijaanza. Nilipochungulia kioo niliona safu za namba tu. Hukunitangazia. Nilikuja kujua baadaye, nilipokuuliza mbona hakuna picha, ukasema "nimezima" na ukaendelea kunywa chai.

Zikarudi. Zilirudi bila majina, namba tupu, harusi za Dimani zimelala na za Mohoro, nani ni nani haijulikani. Ilibidi mtu afungue moja baada ya nyingine. Ukanikalisha mbele ya laptopu, ukanifundisha pa kubonyeza, ukatafuta tundu la spika za masikioni, halikuwepo. Hata hilo wameliondoa, hawa watu. Sauti itatoka hadharani. Ukasimama, ukachukua kigoda, ukaenda kukaa ng'ambo ya barabara, juani, kwenye kelele za bodaboda. Kila nilipokwama ilibidi nije mlangoni nikupungie kanga. Na wewe kila uliporudi ulisimama nje ya nyumba uliyokulia, ukapiga hodi. Hodi, ukangoja. Hodi tena. Hata nilipokwambia pita, uliuliza, "Umefunika, mama?" Majirani walidhani tumegombana, nimekufukuza.

Nyingine ziliharibika, hilo nawe unalijua. Harusi mbili za Mtawanya zimekatika katikati na moja haifunguki kabisa. Nimekwenda kwa wenyewe kila mmoja nyumbani kwake nikawaambia. Mmoja amenuna mpaka leo, na mie namsalimia mpaka leo. Ukiharibu kitu cha mtu, au kikiharibika mkononi mwako, nenda mwenyewe. Simu isikufanyie kazi hiyo.

Ya Siwatu niliifungua karibu na mwisho, nilipokuwa nimeshakata tamaa. Niliona mkeka, nikaona kanga, nikaona Bibi Pili amekaa na mwanawe katikati ya miguu yake. Nikaifunga hapohapo. Nikampigia simu Siwatu nikamwambia njoo.

Alikuja na binti yake. Wewe ukasalimia, ukachukua kigoda chako ukaenda zako barabarani, na hapo ndipo habari unayoijua inaishia. Ulituona tumetoka macho mekundu, ukadhani video imeharibika, ukaniuliza kwa jicho. Sikukujibu.

Kilichochezwa sikwambii, na huniulizi. Lakini wimbo nitakwambia: uko mzima, mwanzo mpaka mwisho. Siwatu alisikiliza mara ya kwanza amejifunika uso na mtandio. Mara ya pili akaanza kuimba nyuma ya mama yake, akikosea anasimama, anarudi. Mara ya tatu binti yake akaingia. Akakosea mahali palepale anapokosea mama yake, Siwatu akaanza kucheka huku analia, mie nikaenda kutia maji ya chai yasiyohitajika. Binti yule ametolewa ndani kwa wimbo wa bibi yake, beti zote, na mie nilikuwepo na kamera. Na sasa video ile ipo Mohoro, ipo Kibiti kabatini, na nyingine ipo kwa dada yake Siwatu juu mlimani. Mto ukizitaka zote itabidi ufanye safari tatu.

Kabla hawajaondoka Siwatu aliniuliza tena swali lake lilelile, kwa sauti ya chini, akikuangalia dirishani ulivyojikunyata kwenye jua. "Na huyu? Kweli hajaona?" Nikamwambia, huyu anapiga hodi nyumbani kwao. Akarudi kwenye laptopu akasema, "Kuna mahali pa mwisho, pachezeshe tena."

Sasa hapa ndipo nilipotaka kufika, na mkono umeanza kuuma. Harusi ile ya Siwatu wewe ulikuwepo. Ulikuwa hujaachishwa ziwa vizuri, sina wa kumwachia, nikakubeba mgongoni huku napiga picha. Watoto wadogo wa kiume hawazuiwi. Mwishoni kabisa ulikuwa umeamka, nimekuweka kwenye mkeka, na Bibi Pili akakupakata, kamera bado inazunguka. Mie nilikuwa nimesahau kabisa. Siwatu akasema kipande hicho si chao peke yao, ni chako pia, nikupe sauti yake, picha hapana.

Basi nimeirekodi kwa simu, nimeisogeza karibu na laptopu, utasikia na jogoo wa jirani asiyejua adabu. Iko kwenye simu yako, iko kwenye flashi ndani ya begi, na nyingine nimebaki nayo. Hiyo ni bakapu, usinifundishe tena.

Utaifungua ukifika, mlango umeufunga, hiyo ni ya kwako. Bibi Pili anasema, "Na huyu mume wetu mdogo anayetukodolea macho, Mungu amkuze, na akikua ayasahau yote aliyoyaona humu." Utasikia chumba kizima kinacheka, na mie nacheka nyuma ya kamera, sauti bado ya kisichana. Kicheko kikitulia usizime. Anaongeza neno moja, taratibu, nadhani alikuinamia.

"Lakini siye asitusahau."

Mimi mama yako.